Mithali 26: mstari wa 4 unanikataza kujibu, wa 5 unaniamuru. Nifuate upi?

Msomaji Mchanga:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Naombeni msaada kwa jambo lililonikaa kichwani wiki nzima. Mimi ni msomaji wa Biblia wa kila siku. Nafuata ratiba ya kwenye simu, ile ya kumaliza Biblia yote kwa mwaka: sura tatu au nne asubuhi, nikimaliza naweka tiki. Sura zote 1,189 nimeshazipita na sasa nazirudia. Ukinisomea mstari, mara nyingi nitakwambia unatoka kitabu gani.

Sasa kazini kuna mwenzangu mmoja. Hakuna kikao atakachokaa bila kunirushia dongo. "Mchungaji atuambie." "Tumsikie mlokole wetu." Watu wanacheka, mkubwa wetu naye anatabasamu. Kikao kilichopita alinibebesha kosa la hesabu ambalo halikuwa langu, tena kwa mzaha uleule, na mimi nikanyamaza. Usiku nikafungua Mithali nitafute neno la kunituliza. Sura ya 26 mstari wa 4: usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, usije ukafanana naye. Nikasema amina, nilifanya vizuri. Nikashuka mstari wa 5: mjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, asije akajiona ana hekima. Amina ikaishia kooni.

Nifuate upi? Na nyuma ya hilo kuna swali kubwa zaidi: mtu husomaje maandiko mpaka hekima imwingie? Mistari ninayo mingi, ila siku ninapohitaji shauri najikuta mikono mitupu.

Chumba cha Ndani:

Amina mpendwa. Usijichoshe na uchambuzi. Yakobo 1:5, mtu akipungukiwa na hekima na aombe kwa Mungu, naye atapewa. Imekwisha hapo. Waliomsulubisha Bwana walikuwa wasomi wa maandiko! Ingia chumbani, funga mlango, omba, na Roho atakupa la kusema. Wala usivunjike moyo, neno linasema ujapokuwa mwanzo wako ni mdogo, mwisho wako utaongezeka sana. Pokea!

Mama Mdarasa:

Marahaba mwanangu, ingawa hukuniamkia.

Nikutoe wasiwasi kwanza: macho yako hayana shida. Mistari hiyo inagongana kweli, na waliokusanya Mithali waliliona hilo kabla yako. Wangetaka kuficha, wangeuweka mmoja sura ya 12 na mwingine sura ya 29, na ni wachache tu wangegundua. Wao wakaiweka mgongo kwa mgongo. Walitaka msomaji akwame, na wewe umekwama kama walivyotaka. Kilichokukwamua huko nyuma ni ile tiki.

Sasa rudi uangalie nusu ya pili ya kila mstari, ile ambayo watu huimeza bila kutafuna. Wa 4 unakuangalia wewe: usije ukafanana naye. Wa 5 unamwangalia yeye: asije akajiona ana hekima. Kwa hiyo Mithali haikuulizi kama ujibu au usijibu. Inakuuliza nani ataharibika. Siku ulimi unakuwasha umrudishie kejeli kwa kejeli, hata ikichekesha kuliko yake, mstari wako ni wa 4. Siku uongo unakaribia kugeuka kweli kwa sababu hakuna aliyeupinga, mstari wako ni wa 5.

Na kwa ulivyoeleza, wewe umechanganya mambo mawili ukayaita moja. Kuitwa "mchungaji" ni kejeli. Iache ipite, haijamuua mtu. Kubebeshwa kosa la hesabu ni jambo jingine: ni taarifa ya uongo mbele ya mkubwa wako, na itakaa kwenye kumbukumbu za watu hata kicheko kikiisha. Hilo lijibu, kwa sauti ya kawaida, na karatasi mkononi. Unaweza kufanya yote mawili katika kikao kimoja.

Mtazame Bwana mwenyewe. Luka 23:9, Herode anamwuliza maneno mengi, hamjibu hata moja. Herode hakuwa anatafuta ukweli, alitaka kuona miujiza, Luka anatuambia hivyo mstari wa 8. Lakini saa chache kabla ya hapo, Yohana 18:23, mtumishi anampiga kofi mbele ya kuhani mkuu, na safari hii Yesu anajibu: kama nimesema vibaya, ushuhudie huo ubaya, kama nimesema vema, wanipigia nini? Hakutukana, na wala hakumeza. Alimtaka mtu atoe ushahidi. Ukishasoma hizo sehemu mbili pamoja ndipo Mithali 26 inaanza kuwa na mikono na miguu.

Halafu usiishie mstari wa 5. Sehemu hiyo yote, mpaka wa 12, karibu kila mstari unamsema mpumbavu. Wa 9 unasema mithali kinywani mwa wapumbavu ni kama mwiba mkononi mwa mlevi. Yaani mtu anaweza kuwa na mstari sahihi kabisa na akaumiza nao watu, yeye mwenyewe akiwamo. Na wa 12, baada ya kumchapa mpumbavu kote huko, unageuka ghafla: mtu anayejiona ana hekima, afadhali mpumbavu kuliko yeye. Nadhani umewekwa mwishoni kwa ajili yetu sisi tuliokuwa tunasoma huku tunamfikiria jirani. Kabla hujaamua kazini kwenu mpumbavu ni nani, pita hapo kwenye wa 12.

Swali lako kubwa nalijia, niacheni nimalize kazi kidogo.

Mpenda Ratiba:

Mama nakuheshimu, lakini ratiba msizionee. Mimi ni mtu wa tiki na sioni aibu. Anayekaa kwenye kitabu kimoja mwaka mzima hatajua kitabu hicho kinaongea na nani.

Nitoe mfano. Kumbukumbu la Torati 17 kuna sheria ya mfalme: asijiongezee farasi, wala asiwarudishe watu Misri kutafuta farasi, asijiongezee wake, asijizidishie mno fedha na dhahabu. Unaipita, unaona ni mambo ya kale. Baada ya wiki kadhaa ratiba inakufikisha 1 Wafalme 10, na unakutana na Sulemani: dhahabu talanta 666 kwa mwaka, farasi kutoka Misri. Sura ya 11, wake 700 na masuria 300. Mambo yote matatu, na mwandishi hata hasemi "tazama amevunja Kumbukumbu 17." Anakuhesabia tu mali na farasi kama mtu anayesifia, na asiyeisoma torati atadhani kweli ni sifa. Mimi nilishtuka mpaka nikafunga kitabu. Bila ratiba nisingekuwa nimesoma Kumbukumbu la Torati kabisa, tuseme ukweli.

Na hapo ndipo ninapopata shida na hekima yenyewe. Huyu ndiye aliyeomba moyo wa adili, akapewa. Kama hekima haikumsaidia yeye, sisi je?

Mama Mdarasa:

Mpenda Ratiba, hapo umenifunga, na nakushukuru. Nilisema tiki ilimkwamua, sikusema asisome kwa upana. Kwa kweli uliyoyaona hayo huwezi kuyaona ukikaa sura moja. Mtu anahitaji vyote, mwendo wa haraka unaomwonyesha nchi nzima na mwendo wa polepole wa kijiji kimoja. Ila wengi tunafanya ule wa kwanza tu kwa sababu una namba za kuonyesha.

Lakini soma Kumbukumbu 17 mistari mitatu inayofuata hapo ulipoishia. Wa 18: mfalme akiketi kwenye kiti chake, ajiandikie nakala ya torati hiyo. Wa 19: awe nayo, aisome siku zote za maisha yake. Wa 20: moyo wake usije ukainuliwa juu ya ndugu zake. Mfalme mwenye waandishi wa kila aina anaambiwa aandike mwenyewe, herufi kwa herufi. Ukiandika kwa mkono huwezi kuruka mstari usioupenda. Ule wa farasi utauandika, wa wake utauandika, wa dhahabu utauandika, na kesho utausoma tena.

Sasa kuhusu Sulemani. 1 Wafalme 3 inasema aliomba na akapewa. Siwezi kusema hakupewa. Ila katika habari zake zote nilizosoma, kuanzia hapo mpaka sura ya 11, sijamkuta ameketi na ile nakala. Nakuta majengo, meli, mithali 3,000, nyimbo 1,005, wageni kutoka mbali. Biblia haisemi hakuisoma, kwa hiyo nami sisemi. Nasema tu kwamba hekima aliyopewa kijana haikumwachisha mzee haja ya kuendelea kusoma yaliyoandikwa, na mambo yaliyomwangusha yalikuwa yameandikwa.

Ndugu yangu Chumba cha Ndani, nawe nisikusahau. Yakobo 1:5 ni kweli tupu na mimi naiishi. Lakini Mithali 2 inasema Bwana ndiye huwapa watu hekima, na palepale, mistari michache juu yake, inasema uitafute kama fedha na kama hazina iliyositirika. Anayetoa ni Mungu na anayechimba ni wewe, na mwandishi haoni ugomvi hapo. Danieli alikuwa mtu wa maono na ndoto, malaika wanamjia, lakini sura ya 9 mstari wa 2 anasema alifahamu ile miaka 70 ya Yerusalemu kwa kuvisoma vitabu, yaani maneno ya Yeremia. Kisha mstari wa 3 akafunga na kuomba. Alisoma, alichokisoma kikampigisha magoti. Paulo naye, gerezani, anahisi mwisho wake umekaribia, anamwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa na vile vitabu, hasa vya ngozi. Mtume aliyeinuliwa mpaka mbingu ya tatu bado anaagiza vitabu.

Na ile "mwanzo wako ni mdogo" uliyomalizia nayo. Ni Ayubu 8:7. Darasani kwetu kuna mzee mmoja fundi seremala, haongei sana, lakini mtu akinukuu mstari yeye huuliza swali moja tu: "Nani anasema?" Basi anatukera, anatuudhi, na karibu kila mara anatusaidia. Nani anasema Ayubu 8:7? Ni Bildadi. Anamwambia nani? Ayubu, aliyetoka kuzika watoto wake wote. Na mistari mitatu kabla, 8:4, amemwambia kuwa watoto hao walikufa kwa dhambi zao. Anamaanisha: ungekuwa safi, Mungu angekuinua sasa hivi. Halafu sura ya 42:7 Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na rafiki zake wawili hawakunena yaliyo sawa kumhusu. Sisi tunaichukua hotuba ya mtu aliyekemewa na Mungu tunaiandika kwenye kadi za harusi.

Lakini nisije nami nikawa yule wa mstari wa 12. Si kila neno la rafiki za Ayubu ni uongo. Paulo katika 1 Wakorintho 3:19 ananukuu maneno ya Elifazi, ya Ayubu 5:13, na anayanukuu kama maandiko yenye kweli. Kosa lao kubwa lilikuwa kuchukua kanuni nzuri na kumbandika mtu isiyomhusu. Ndiyo maana nasema kitabu cha Ayubu ni dawa kwa sisi tunaojua mistari.

Chumba cha Ndani:

Mama, kadi ya harusi yangu ilikuwa na mstari huohuo 😅 Nimesoma Ayubu 8 yote sasa hivi. Sikujua habari ya watoto iko pale juu yake. Hata hivyo kuomba siachi.

Mama Mdarasa:

Nani amekwambia uache! Na ndoa haina neno, Mungu ni mwema.

Msomaji Mchanga:

Shikamoo mama, samahani kwa kutokukuamkia. Nimesoma yote mara mbili.

Naomba ushuke kwenye vitendo. Kesho asubuhi nikikaa na Biblia, nafanya nini tofauti? Nina nusu saa kabla ya kutoka, si zaidi. Na je, nitumie vitabu vya maelezo? Nina kimoja kwenye simu, kila nikibonyeza mstari kinanieleza.

Mama Mdarasa:

Marahaba baba.

Ratiba usiitupe. Ipe siku zako za mapumziko, Mpenda Ratiba asinichukie. Siku za kazi chukua waraka wa Yakobo. Una sura 5, mistari 108, na kwa sauti hauzidi robo saa. Usome wote kesho, na keshokutwa wote tena, na tena. Usiangalie namba za sura. Yakobo hakuziweka, sura tunazotumia zilipangwa mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya kama tunavyoihesabu leo ilitokea kwenye chapa ya mwaka 1551. Barua huandikwa isomwe kama barua. Baada ya juma moja utaanza kuona mwenyewe kwamba ulimi wa sura ya 3 ulishatajwa sura ya 1, kwamba tajiri wa sura ya 5 ni ndugu wa yule mwenye pete ya dhahabu wa sura ya 2, na kwamba mtu huyu Yakobo anaijua sana hotuba ya mlimani. Hayo kitabu cha maelezo kingekwambia kwa dakika moja, na ungeyasahau kwa dakika mbili. Kwa hiyo maelezo yafungue baadaye, ukishakuwa na maswali yako mwenyewe kwenye karatasi.

Robo saa inayobaki, andika. Daftari la kawaida. Chukua aya moja uinakili kwa mkono kama yule mfalme. Kisha jiulize kile anachouliza yule mzee wetu seremala: nani anasema, anamwambia nani. Mimi naongeza: hii "kwa hiyo" imetoka wapi, na hii "lakini" inapinga nini. Mwisho andika jambo moja la leo, lenye jina la mtu ndani yake. "Niwe mvumilivu" halina mtu. "Nikikutana na fulani saa nne nisimkatize anapoongea" lina mtu, na jioni utajua kama umelifanya. Hapo ndipo wengi wetu tunapochenga. Ezra 7:10 inasema aliuelekeza moyo wake kuitafuta sheria, kuitenda, na kufundisha, kwa mpangilio huo. Mimi mwalimu naujua utamu wa kuruka lile la katikati.

Tafuta pia mtu mmoja wa kusoma naye. Apolo alikuwa hodari katika maandiko, Matendo 18 inamsifu waziwazi, na bado alijua ubatizo wa Yohana tu. Mafundi wa mahema wawili, Prisila na Akila, wakamchukua kwao wakamweleza kwa usahihi zaidi. Hawakumsahihisha mbele ya sinagogi. Naye hakuwaambia yeye ni msomi. Ukipata mtu wa namna hiyo, mshike. Asikubaliane nawe kila kitu.

Umeuliza hekima huingiaje. Waebrania 5:14 inaizungumzia kama mazoezi: akili zilizozoezwa, kwa kutumiwa, kupambanua mema na mabaya. Kwa kutumiwa, umeona? Kikao chenu hicho ni sehemu ya somo. Na ukitaka kupima kama inaingia, usihesabu mistari unayoikumbuka. Yakobo 3:17 imeorodhesha hekima itokayo juu: ni safi, ya amani, ya upole, tayari kusikiliza maneno ya watu, imejaa rehema. Mwonyeshe mtu anayeishi nawe orodha hiyo, mwulize anakuona wapi, halafu unyamaze akijibu. Hilo ni gumu kuliko kumaliza Mambo ya Nyakati.

Mpenda Ratiba:

Siku za mapumziko nimezikubali. Ila Mambo ya Nyakati msiyaguse.

Msomaji Mchanga:

Asante sana mama. Kikao kingine ni Jumatano. Ile karatasi ya hesabu ninayo, nimeitafuta leo nikaipata. Je, niseme kwenye kikao mbele ya wote, au nimfuate mkubwa pembeni?

Mama Mdarasa:

Mathayo 18:15 inaanza na ninyi wawili peke yenu. Najua pale Yesu anazungumzia ndugu aliyekukosea, na huyu huenda hahesabiki ndugu kwa maana ile, lakini utaratibu wenyewe una akili hata ofisini. Mfuate yeye Jumanne, na karatasi, bila mtu mwingine. Mwambie: hesabu hii haikuwa yangu, naomba uirekebishe mwenyewe kesho. Mpe nafasi ya kutoka bila aibu. Asipoirekebisha, Jumatano sema sentensi mbili na uweke karatasi mezani. Akikuita mchungaji, cheka na wewe.

Na mwombee Jumanne asubuhi kabla hujamfuata, kwa jina lake. Chumba cha Ndani atakusaidia hapo, ni eneo lake.

Chumba cha Ndani:

Nipo. Nitumie jina la kwanza tu.